Mwalimu wa Askari Wasio Wake



Sisi watu wa Bukoba tunaishi karibu na mpaka ambao udugu wetu uliuvuka zamani. Mama yangu mkubwa aliolewa Kyotera, ng'ambo ya Mutukula, kabla mimi sijazaliwa, na wanawe wote ni raia wa Uganda. Mmoja wao, ambaye kwa desturi yetu namwita kaka, alijiunga na jeshi la nchi yake akiwa kijana, akapanda hadi cheo cha sajenti, na mara mbili akapelekwa Somalia katika kikosi cha Umoja wa Afrika kilichojulikana kwa jina la AMISOM. Mara ya kwanza, mwaka 2014, alikwenda kama mpiganaji. Mara ya pili, mwishoni mwa 2017, alipewa kazi ambayo sikuwa nimeisikia kabla: kukaa na askari wa Somalia wenyewe, kuwafundisha, kwenda nao doria na kuwashauri wakubwa wao, ili siku moja waweze kuilinda nchi yao bila ya mgeni.

Amestaafu sasa. Kila akija Bukoba kututembelea, vijana humzunguka barazani baada ya swala ya Isha na kumwuliza habari za risasi. Huwajibu kwa ufupi, kisha hunyamaza. Nilichokuja kukitambua, baada ya kukaa naye miaka kadhaa na birika la kahawa katikati yetu, ni kwamba ukimwuliza habari za risasi hana maneno, lakini ukimwuliza habari za mifuko ya mchanga atazungumza hadi usiku wa manane. Ameniruhusu niyaandike haya kwa sharti kwamba nisitaje jina lake wala kambi yake.

Dola ya Somalia ilianguka Januari 1991. Askari wengi aliokabidhiwa kaka walizaliwa baada ya hapo. Hawakuwahi kuiona serikali iliyolipa mishahara kwa wakati, au iliyomkamata mwizi na kumfikisha mahakamani. Wanajeshi wa Uganda walikuwa wa kwanza kuingia Mogadishu chini ya AMISOM, Machi 2007, wakafuatwa na wa Burundi mwishoni mwa mwaka huo. Agosti 2011 Al-Shabaab waliondoka katika sehemu kubwa ya mji huo, na vita vikahamia mashambani, katika bonde la mto Shabelle na miji ya pwani. Mpango ulikuwa wageni waondoke kidogo kidogo na kuwaachia wenyeji. Kwa hiyo kila Msomali aliyefuzu vizuri alimsogeza kaka hatua moja kuelekea Kyotera. Alikuwa na kila sababu ya kutaka wanafunzi wake wafaulu, na udhia wake wa kila siku ulianzia hapo hapo.

Mshauri hana amri. Raia hatulielewi jambo hili kwa urahisi, kwa kuwa tunadhani kila mwenye magwanda na cheo husema na likafanyika. Katika jeshi lake kaka alikuwa na watu waliosimama aliposema simama. Kwa Wasomali alikuwa mgeni mwenye maoni. Akiona kizuizi cha barabarani kimewekwa mahali ambapo gari lenye mabomu lingefika bila ya kupunguza mwendo, hakuweza kusema kihamisheni. Ilimpasa amwendee kapteni wao, kijana aliyemzidi cheo na kuzidiwa naye umri, akae naye, anywe chai ya maziwa yenye iliki na sukari ya kupita kiasi, aulize habari za watoto na za mama mgonjwa aliyekuwa akitibiwa Nairobi, na mwishoni kabisa, kana kwamba jambo limemjia wakati wa kuvaa viatu, aseme kwamba lau angelikuwa yeye angekisogeza kizuizi hadi penye kona. Kapteni alikubali kwa moyo mkunjufu. Kesho yake kizuizi kilikuwa palepale.

Mifuko ya mchanga nayo ilikuwa hivyo. Ukuta wa lindo la upande wa mashariki ulihitaji mifuko mia mbili. Siku ya kwanza ilijazwa arubaini. Siku ya pili kulikuwa na msiba wa jamaa wa kapteni. Siku ya tatu makoleo mawili yalikuwa yameazimwa na hakuna aliyejua ni nani aliyeazima. Kila jioni kaka aliuliza, na kila jioni alijibiwa kesho, inshaallah. Aliniambia hajawahi kuliona neno hilo tukufu likibebeshwa mizigo mizito kiasi kile. Nikamwambia aje akae siku moja na kamati ya msikiti wetu tunapofuatilia ahadi za michango.

Hata hivyo, kaka si mtu wa kuwadharau watu wale, wala sipendi msomaji aondoke na picha hiyo. Aliniambia kwamba ilimchukua miezi miwili kuelewa kuwa ule uvivu ulikuwa na hesabu ndani yake. Vikosi vyao vilihamishwa mara kwa mara. Anayejaza mifuko leo hujaza kwa ajili ya mwingine asiyemjua, pengine wa koo nyingine. Na walimu walikuwa wamewachosha. Waturuki walikuwa wamefungua kambi kubwa ya mafunzo Mogadishu Septemba 2017. Watu wa Imarati walikuwa na mafunzo yao, wakaondoka 2018 baada ya kukosana na Serikali ya Somalia. Wamarekani, Waingereza na Umoja wa Ulaya nao walikuwa na yao. Katika kundi moja la askari thelathini kaka alikuta waliofundishwa na mataifa manne, kila mmoja akipiga kwata na kushika bunduki kwa namna ya mwalimu wake, na kila mmoja akiamini namna ya wenzake ni makosa. Watu wazima kati yao walikuwa wamepitia Bihanga, magharibi mwa Uganda, ambako Umoja wa Ulaya ulianza kuwafundisha Wasomali mwaka 2010. Hao walikumbuka Kiswahili cha gwaride: simama, haraka, lala chini. Kaka alishika Kiswahili hicho kama mtu ashikavyo kamba kisimani.

Kwani mengine yote yalipitia kwa mkalimani, na mkalimani alikuwa mtihani peke yake. Kaka angeeleza kwa dakika nzima namna ya kuvuka barabara yenye hatari ya bomu la kutegwa: wangapi watangulie, wangapi wabaki, nani atazame nyuma. Mkalimani angegeuka na kusema maneno matatu. Askari wangeitikia kwa vichwa. Safari nyingine kaka alisema maneno matatu na mkalimani akahutubia hadi watu wakaanza kugombana, na alipouliza kimesemwa nini akaambiwa si neno, ni mambo ya kwetu. Baadaye alijua kwamba mkalimani hakuwa wa ukoo wa wengi wao, na kwamba hata tafsiri sahihi, ikitoka katika kinywa chake, ilikuwa na ladha ya kuamrishwa na jirani. Yule kijana naye alikuwa hajalipwa.

Nimefika kwenye mshahara. Katika kila mazungumzo yetu kaka hufika hapo, hata akianzia mbali.

Miaka ile posho ya askari wa kawaida wa Somalia ilikuwa kiasi cha dola 100 kwa mwezi, na miezi ilikuwa ikipita bila ya kuonekana. Zilipokuja zilipitia mikononi mwa wakubwa, na kila mkono ulibakiza kitu. Orodha zilijaa majina ya watu wasiokuwepo. Sisi Watanzania tulioshuhudia uhakiki wa watumishi hewa mwaka 2016 hatuhitaji kuelezwa askari hewa ni nini. Desemba 2017, muda mfupi baada ya kaka kufika, Marekani ilisimamisha msaada wake wa chakula na mafuta kwa sehemu kubwa ya jeshi lile, kwa kutoridhika na hesabu. Walioiba hawakulala njaa. Walala njaa walikuwa wale waliosimama mbele ya kaka saa kumi na mbili asubuhi wakisubiri kufundishwa kulenga shabaha.

Asubuhi moja alihesabu risasi kabla ya doria, na jioni akazihesabu tena. Zilipungua ishirini, na hakuna aliyefyatua hata moja. Alijua zimeuzwa. Alijua pia kwamba risasi ikishafika sokoni haichagui mnunuzi, na huenda ikarudi kambini usiku kupitia bunduki ya adui. Aliyeziuza alijitokeza mwenyewe kabla hajatafutwa. Alikuwa na mtoto mchanga na mke asiyekuwa na maziwa, na alikuwa hajaona mshahara kwa miezi mitano. Kaka aliripoti kwa kapteni, kama utaratibu ulivyotaka. Kapteni alimzaba yule askari kofi mbele ya wenzake, akamnyang'anya fedha zilizobaki, na fedha hizo hazikuonekana tena.

“Ningelikuwa Uganda ningemfunga mimi mwenyewe,” kaka aliniambia. “Lakini asubuhi ile mimi nilikuwa nimekula nyama ya kopo na mkate. Yeye alikuwa hajala.”

Chuoni tulipokuwa tukisoma mlango wa ijara, hadithi ya mfanyakazi kupewa ujira wake kabla jasho halijakauka ilituchukua kipindi kimoja tu, kwa kuwa kila mtoto wa madrasa anaijua. Mwalimu wetu alitupa mifano ya vibarua wa shamba na mafundi wa nyumba. Sasa ninaposomesha mlango huo darsani baada ya Alasiri, huutaja mfano wa yule askari wa risasi ishirini, na huona wazee wakiinua vichwa.

Upande wa kaka kulikuwa na mzigo wake. Askari wa AMISOM walikuwa wakihesabiwa dola 1,028 kwa mwezi, na serikali zao zikikata kiasi cha dola 200 kabla ya kuwafikia. Januari 2016 Umoja wa Ulaya, uliokuwa ukitoa fedha hizo, ulipunguza asilimia 20. Nazo pia zilichelewa kwa miezi. Lakini wanafunzi wake waliijua ile elfu moja na ishirini na nane kwa tarakimu zake zote. Siku moja kijana mmoja, mcheshi, ambaye kaka alimpenda kwa wepesi wake wa kuelewa, alimwambia: “Macallin, wewe unalipwa mara kumi yangu ili unifundishe namna ya kufa. Tubadilishane.” Macallin ndiyo maalim yetu, hivyo ndivyo walivyomwita. Kila mtu alicheka, na kaka akacheka nao. Anasema usiku ule hakupata usingizi hadi akasikia adhana ya kwanza.

Nimesoma kwamba Wamarekani waliofanya kazi kama hii kwa Waafghani walikuta mambo yanayofanana. Mwaka 2009, katika mkoa wa Wardak, askari polisi wachache walijaribiwa kulipwa kwa simu, kwa huduma iitwayo M-Paisa, ambayo ni mtoto wa M-Pesa ya majirani zetu wa Kenya. Baadhi yao walipopokea fedha walidhani wameongezewa mshahara. Kumbe ilikuwa ni mara yao ya kwanza kuupata bila ya mkono wa mkubwa kupita juu yake. Somalia nayo iliandikisha askari wake kwa alama za vidole na kuanza kuwalipa moja kwa moja. Kaka husema hatua hiyo ilifanya kazi kubwa kuliko masomo yote aliyoyatoa, na hasemi hivyo kwa unyenyekevu. Anasema kwa hasira, kama mtu aliyepewa jembe bila mpini kisha akalaumiwa kwa magugu.

Halafu kulikuwa na bastola. Oktoba 14, 2017 lori lililojaa milipuko liliua watu zaidi ya 500 katika njia panda moja ya Mogadishu, karibu wote Waislamu waliotoka kwenda kutafuta riziki. Kaka alifika baada ya hapo, na hofu ya kusalitiwa kutoka ndani ilikuwa kila mahali. Seng'enge ilitenganisha kambi ya Waganda na ya Wasomali. Amri ilikuwa kwamba mshauri asikae na wanafunzi bila ya silaha iliyojazwa. Akafundisha akiwa nayo kiunoni. Wakimwalika kula, mkono wa kulia ulikuwa ndani ya sinia la wali pamoja na mikono yao, na wa kushoto ulikaa karibu na mkanda. Nao waliuona. Hakuna aliyesema neno, ila mara moja mzee mmoja wa kikosi kile alimega kipande cha nyama ya mbuzi, akakiweka mbele yake, akamwambia kwa Kiarabu chepesi ale, kwani wao hawamli mgeni.

Nadhani msomaji wa gazeti hili anangoja nifike kwenye swali ambalo kaka aliulizwa huko, na akaulizwa tena hapa kwetu: wewe Muislamu, uliingiaje katika jeshi ambalo wengi wake si Waislamu, ukapigane na watu wanaosema wanapigania dini?

Huko aliulizwa siku ya tatu tu. Jibu lake halikuwa hotuba. Wakati wa Adhuhuri ulipoingia alitawadha, akasimama nao. Wasomali ni watu wa madhehebu ya Imam Shafi, kama sisi tulivyo wengi katika Uganda na Tanzania, na Alfajiri iliyofuata walipomsikia akiitikia qunuti kama wanavyoitikia wao, jambo fulani lililegea. Anasema watu wale wale ambao hakuweza kuwapanga mstari ulionyooka uwanjani hata kwa kupaza sauti, walijipanga bega kwa bega mara tu ilipokimiwa swala, bila ya mtu kuwasukuma. Kuanzia hapo aliacha maneno ya kijeshi. Aliwaambia: safu kama ya swala. Mstari ukanyooka. Mkalimani hakuhitajika.

Wenzake wawili wa Kyotera, Wakristo, walikuwa wakichukua lindo wakati yeye anaswali. Hawakuombwa, walianza wenyewe. Kaka aliponisimulia hilo nilimkumbusha namna Sura An-Nisaa, katika aya ya 102, inavyopanga kundi liswali na jingine lishike silaha, wakati wa hofu. Akasema anaijua, na kwamba aliwahi kuiswali mara moja, na hakutaka kuendelea.

Mara nyingine alinipigia simu kuuliza mas'ala. Je, apunguze swala, yeye aliye mbali na kwao mwaka mzima? Nikamjibu kwa mujibu wa tulivyosoma, kwamba aliyenuia kukaa mahali siku nne kamili au zaidi, bila ya kuhesabu ya kufika na ya kuondoka, huyo ameshatoka katika hukumu ya msafiri na ataswali kwa ukamilifu. Ama akitoka kambini safari ndefu, atapunguza. Akauliza: na mtu asiyejua kama kesho atakuwapo? Hilo, nikamwambia, linatuhusu sote, wala halipunguzi rakaa. Alicheka simuni. Ilikuwa Ramadhani. Alikuwa ametoka kubishana na wakubwa wake wawili hadi mafunzo ya adhuhuri yakahamishiwa baada ya Alfajiri, kwa kuwa hakuna mtu aliyefunga anayeweza kubeba bunduki na kofia ya chuma katika joto la Shabelle. Huo, anasema, ndio ushauri wake pekee uliofuatwa siku ile ile.

Ama kuhusu wanaosema wanapigania dini, mimi nina msimamo wangu na siufichi: asiyetofautisha baina ya askari na muuza ndizi, akamlipua mama aliyekwenda sokoni, hana hoja ya kisharia ya kunipa, na wanachuoni wa Somalia wenyewe wamelisema hilo kwa kulipa roho zao. Lakini kaka hakupenda kuzungumza kwa njia hiyo. Yeye hutaja Barawa.

Aliingia Barawa katika safari yake ya kwanza, Oktoba 2014, mji huo ulipochukuliwa kutoka kwa Al-Shabaab. Ni mji wa pwani, wa mawe, kama ndugu wa Lamu aliyepotea kaskazini. Wenyeji wake wa asili husema Chimiini, ambayo ni jamaa wa karibu wa Kiswahili. Kaka alikuwa amekaa kwenye kibaraza akinywa maji, akamsikia mzee mmoja akimkaripia mjukuu wake, na akaelewa nusu ya maneno. Akadhani ni uchovu. Akamsalimia mzee kwa Kiswahili, mzee akamjibu kwa lugha yake, wakaendelea hivyo, kila mmoja akishika alichoweza. Mzee alimwonesha upande ambako Sheikh Uways, aliyefariki 1909, anakumbukwa na watu wake. Ni Sheikh huyo aliyeeneza tariqa ya Qadiriyya hadi Unguja na Tanganyika, na hata asiyekubaliana na njia za tariqa hawezi kuiandika historia ya Uislamu wa bara letu akaliruka jina lake. Kaka alikuwa amekuja na bunduki katika mji ambao dhikri za kwa bibi yake zilitoka. Katika safari ya pili, anapoulizwa amekuja kufanya nini, alikuwa akisema: kwenu ndiko zilikotoka dhikri za bibi yangu. Wengine walikubali jibu hilo, wengine hawakulikubali.

Nyumbani kulikuwa na vita vingine. Shemeji alilea watoto wanne kwa simu za usiku zilizokatika katikati. “Alikuwa akinisimulia mchanga kila siku,” aliniambia, “mchanga na makoleo. Nikajua ananificha jambo.” Hakuwa akificha. Jamaa nao walikuwa wameshaipigia hesabu ile dola elfu moja kabla hajaipata: ada ya huyu, bodaboda ya yule, mahari ya kijana ambaye hata hakuwa amechumbia. Aliporudi alikuwa na tabia ya kuhesabu vitu asubuhi na kuvihesabu tena jioni, hata mayai. Watoto walimwogopa kidogo kwa hilo, kisha wakazoea, na sasa mdogo wao humtangulia kuhesabu.

Msikiti wetu wakati ule ulikuwa ukichanga fedha za tangi la maji ya udhu. Kaka alileta shilingi milioni moja na laki mbili za Tanzania. Kwenye kikao cha kamati mjumbe mmoja, mtu mwema ambaye sijawahi kumwona akikosa swala ya Alfajiri, alisimama na kusema kwamba fedha ile ni ya damu ya Waislamu, na yeye hatatawadha kwa maji yake. Kama katibu nilipaswa kuandika muhtasari, na kalamu ilisimama, kwa kuwa mtoaji ni ndugu yangu na kila aliyekuwapo alilijua hilo. Mwenyekiti akaniomba nieleze tu kazi aliyokuwa akiifanya. Nikaeleza kizuizi na kona, mifuko ya mchanga, risasi ishirini, safu ya swala. Imamu, ambaye huwa hasemi katika mambo ya fedha, aliuliza swali moja: huyo askari mwenye mtoto mchanga, kaka yako alimfanyaje baadaye? Nikasema alimnunulia maziwa ya unga kwa miezi miwili kutoka katika posho yake, na kwamba jambo hilo lilikatazwa na jeshi. Imamu akasema ipokewe. Mjumbe yule hakubadili rai yake, na niliandika rai yake neno kwa neno. Hadi leo hutawadha kwao, kisha huja msikitini, na kaka akiwapo huswali karibu naye.

Aliyemwelewa kaka kuliko sisi sote ni muadhini wetu, mzee aliyevuka mpaka ule ule akiwa askari wa Tanzania katika vita vya 1979, akabaki Uganda hadi 1981 wakati majeshi yetu yakisaidia kujenga jeshi jipya la nchi ile. Siku moja alimsikiliza kaka akilalamika habari za lindo, mishahara, wakalimani na neno kesho. Akacheka hadi akakohoa. “Ndivyo tulivyosema juu yenu,” alimwambia. “Neno kwa neno. Na sisi tulikuwa hatujalipwa.” Kaka alikaa kimya muda mrefu, akamwuliza walijaza vipi mifuko. Tangu siku ile wawili hao hukaa pamoja, na sisi wengine hatuwaingilii.

Yule kijana mcheshi aliyetaka kubadilishana mshahara bado yu hai, alhamdulillah. Mwaka uliopita alimtumia kaka ujumbe wa sauti kwenye WhatsApp, kwa Kiswahili cha gwaride kilichochanganyika na Kiarabu. Amekuwa sajenti. Amepewa kurutu arubaini awafundishe, na ujumbe mzima ulikuwa malalamiko: wanalala lindoni, hawajazi mifuko, ukiwaeleza jambo wanaitikia kisha wanafanya jingine. Kaka aliusikiliza mara mbili mbele yangu. Kisha akamjibu kwa kumwuliza kama kurutu wamelipwa.

Jibu lilikuja baada ya Magharibi. Wamelipwa, ila ya mwezi wa nane.